Shajara ya mradi: Kupanga safari ya nyika za Mongolia ya Ndani, Machi hadi Julai 2025

Naiweka shajara hii kwa ajili ya wenzetu wa Afrika Mashariki wanaosoma China na wanaotamani kufika kwa wafugaji wa Kimongolia. Kila hatua ikikamilika naongeza ingizo. Tuko wanne: mimi ni mtu wa Tanga, kuna kaka wa Mombasa, dada wa Bujumbura, na mwenzetu Mmasai wa Longido. Sote tunasoma Beijing. Bei zote ni zile tulizolipa sisi, na yuan moja nimeihesabu kuwa shilingi 365 za Tanzania.

9 Machi 2025: Kuchagua mahali

Wazo lilizaliwa kwenye futari. Kaka wa Mombasa alituonyesha picha za mahema meupe, nyasi kijani hadi upeo wa macho na farasi wanaokimbia, na kabla tende hazijaisha sinia lote tulikwisha kubali. Tukapanga yuan 2,000 kwa kila mtu, isizidi.

Cha kwanza kilichotushtua ni ukubwa. Mongolia ya Ndani ni mkoa wa China, si nchi ya Mongolia, na una kilomita za mraba takriban milioni 1.18, yaani ni mkubwa kuliko Tanzania nzima, na kutoka mashariki hadi magharibi ni kama kilomita 2,400. Kwa hiyo mtu akikwambia anakwenda Mongolia ya Ndani hajakwambia kitu. Tulikuwa na machaguo manne:

- Hulunbuir, kaskazini mashariki kabisa. Nyasi zake ndizo zinazosifiwa kuliko zote, lakini ni mbali mno na Beijing.
- Xilingol. Huko ndiko yaliko magofu ya Shangdu, mji wa kiangazi wa Kublai Khan, mfalme Mmongolia aliyetawala China karne ya 13; magofu hayo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012.
- Nyika za kaskazini ya Hohhot, makao makuu ya mkoa. Kuna treni ya kasi.
- Nchi ya Mongolia yenyewe. Viza na nauli ya ndege vilipita bajeti yetu.

Tukachukua Hohhot. Reli ya kasi kutoka Beijing ilikamilika mwisho wa 2019, na safari inachukua saa mbili na kitu. Ukishuka Hohhot, nyika ya karibu, Xilamuren, iko mwendo wa chini ya kilomita 100, nyuma ya milima ya Daqing.

30 Machi: Tulichokisoma tukiwa tumechelewa

Mwenzetu wa Longido ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria: "Nyasi hizi ni za nani?" Kwao Longido swali hilo ndilo la kwanza. Tukaenda kumwuliza binti mmoja tunayesoma naye, Mmongolia wa wilaya ya Siziwang, kaskazini ya Hohhot. Wilaya kule huitwa "qi" kwa Kichina na "hoshuu" kwa Kimongolia, maana yake bendera, jina lililobaki tangu enzi za utawala wa Qing, wafalme wa mwisho wa China.

Majibu yake yalivuruga mpango wetu wote. Katika nchi ya Mongolia malisho bado hayamilikiwi na mtu binafsi, na familia nyingi zinahama na mifugo yao kufuata majira. Mongolia ya Ndani si hivyo. Kuanzia miaka ya 1980 mifugo, kisha malisho yenyewe, yaligawiwa kaya kwa mkataba, na baada ya hapo waya ukazungushwa. Wafugaji wengi leo wana nyumba ya matofali, pikipiki na ua wa waya. Ger, lile hema la duara la sufu iliyoshindiliwa, wengine hulisimamisha kiangazi tu, wengine wameliacha kabisa, na mengi yanayoonekana kwenye picha ni ya biashara ya watalii.

Dada wa Bujumbura alihuzunika, akasema basi hakuna cha kwenda kuona. Mimi sikukubaliana naye. Wamongolia zaidi ya milioni nne wanaishi Mongolia ya Ndani, wengi kuliko walioko nchi ya Mongolia yenyewe. Hati ya kale inayoandikwa kutoka juu kwenda chini, ambayo Mongolia iliiweka kando miaka ya 1940 ikachukua herufi za Kisirili (zile za Kirusi), Mongolia ya Ndani bado imo kwenye vibao vya barabarani. Watu wapo, lugha ipo, mifugo ipo. Picha tulizoziona ndizo zilizokuwa na walakini.

Hata hivyo hatukuutumia ujuzi huo mara moja, na ingizo linalofuata ndilo gharama yake.

5 Mei: Safari ya majaribio iliyoshindwa

Mimi na kaka wa Mombasa tuliamua kutangulia kupeleleza njia wakati wa likizo ya Mei Mosi, tarehe 1 hadi 4. Naandika makosa kwa mpangilio yalivyotokea.

Kosa la kwanza ni likizo yenyewe. China nzima inasafiri siku hizo. Treni za asubuhi zilijaa, tukapata ya jioni, tukafika Hohhot saa nne usiku.

Kosa la pili ni hoteli. Tulikwisha lipia kwa simu. Kijana wa mapokezi alipoona pasipoti alisema hawapokei wageni wa nje, kwa kuwa hawakujua namna ya kuwaandikisha kwenye mfumo wa polisi. Tulirudishiwa pesa, lakini saa tano usiku tukawa barabarani na mabegi, upepo unavuma. Hoteli ya tatu ndiyo iliyotupokea. Tangu hapo tumeweka utaratibu: ukishalipia, piga simu siku hiyo hiyo, uliza kwa Kichina kama wanapokea mwenye pasipoti, na uandike jina la aliyekujibu.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Nyika ya mwanzo wa Mei si kijani. Ni rangi ya gunia. Majira ya kuchipua kule huja na upepo mkavu na vumbi, na nyasi hazisimami vizuri mpaka katikati ya Juni mvua zikianza. Tuliposhuka kwenye gari Xilamuren nilifungua kinywa kusema neno, nikaufunga na mchanga kwenye meno. Kondoo waliokuwa karibu na waya walikuwa wamekonda, mbavu zinahesabika, na wanaguguna mizizi. Mwenyeji mmoja alitueleza kuwa huo ndio wakati mgumu kuliko nyakati zote za mwaka: majani makavu ya akiba yamekwisha, mapya hayajaota, na kondoo majike wametoka kuzaa.

Kosa la nne ni kambi. Tulilipia "ger ya asili". Kuta zilikuwa za zege, zimepakwa rangi nyeupe na kuchorwa mapambo ya buluu, ndani kitanda cha hoteli na televisheni. Sina ugomvi na mtu anayejitafutia riziki kwa wageni. Lakini nilikuwa nimesoma namna ger inavyosimama: ukuta wa fito zilizopishanishwa ambao hufunguka na kufungika kama kiwambo, fito ndefu za paa, na duara la mbao juu kabisa linaloitwa toono, ambalo moshi hutokea na mwanga huingia. Nikatazama juu nikaona taa ya umeme.

Kosa la tano ni farasi. Bei tuliyoambiwa ilikuwa ya kufika kituo cha kwanza tu. Ukishapanda, unaambiwa vituo viko vitatu na kila kimoja kina bei yake. Uliza kabla hujaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko: safari nzima, kwenda na kurudi, jumla ni kiasi gani.

Gharama kwa mtu mmoja: treni kwenda na kurudi 380, hoteli 150, gari 150, kambi 220, farasi 200, chakula 160. Jumla yuan 1,260. Zilikuwa zitupeleke safari yenyewe.

18 Mei: Mpango mpya

Tulimrudia binti wa Siziwang na kumsimulia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akampigia mjomba wake palepale. Mjomba anafuga kondoo na farasi wachache kaskazini ya wilaya, na kiangazi husimamisha ger kando ya nyumba yake ya matofali kwa sababu ndani ya matofali kunakuwa na joto. Akasema tuje, ila kwa tarehe zake yeye.

Hapo ndipo nilipoelewa namna ya kupanga. Badala ya kuuliza likizo yetu iko lini, tuliuliza wao wana kazi gani na lini. Jedwali letu likawa hivi: Machi na Aprili kondoo wanazaa, hakuna anayelala, mgeni ni mzigo. Juni kuingia Julai wananyoa sufu. Mwisho wa Agosti wanakata majani ya akiba ya baridi, nyumba nzima iko shambani tangu alfajiri. Katikati ya Julai, baada ya kunyoa na kabla ya kukata, kuna nafasi, nyasi ziko sawa, na maziwa ni mengi. Tukafunga: tarehe 11 hadi 14 Julai, mitihani yetu ikiwa imekwisha.

Malipo yalitupa shida. Mjomba hakutaka kutaja bei, na sisi hatukutaka kula nyumba ya watu bure siku tatu. Binti akatupa njia: tumpe mkewe, si yeye, na tuseme ni ya chakula. Tukakadiria yuan 150 kwa kila mtu kwa siku.

Kosa dogo la hatua hii: nilidhani tutaiona na Naadam, sikukuu ya mieleka, mbio za farasi na kulenga mishale, kwa sababu inajulikana kuwa ni tarehe 11 Julai. Hiyo ni ya nchi ya Mongolia. Mongolia ya Ndani kila wilaya hupanga tarehe yake kati ya Julai na Agosti. Ya kwao ilikuwa haijatangazwa, na haikuangukia siku zetu. Anayetaka Naadam apange Naadam kwanza, mengine yafuate.

8 Juni: Suala la nyama

Jana tumeswali Idi ya kuchinja, kwa hiyo mazungumzo haya yamekuja kwa wakati wake. Hili ndilo lililotuchukua muda kuliko yote, na sijaona mahali lilipoelezwa kwa Kiswahili, basi nitalieleza taratibu.

Mgeni akifika, mfugaji wa Kimongolia humwangushia kondoo. Kwa mila yao damu haimwagwi chini. Kondoo hulazwa chali, hupasuliwa kidogo chini ya kidari, mtu huingiza mkono na kuukata mshipa mkuu kwa vidole. Mnyama hufa upesi na damu yote hubaki ndani, kisha hutekwa na kujazwa kwenye utumbo. Kwao hiyo ni heshima kwa mnyama na kwa ardhi. Kwetu Waislamu nyama hiyo hailiki, na damu ndiyo zaidi. Jambo hili ni la kale: karibu mwaka 1280 Kublai Khan alipiga marufuku kuchinja kwa Kiislamu katika dola yake baada ya wafanyabiashara Waislamu kukataa nyama ya mezani kwake.

Sisi Waislamu tuko wawili, mimi na kaka wa Mombasa. Mwanzoni tulifikiri tutanyamaza tu, tule mkate na maziwa, tuiache nyama pembeni. Binti akatukataza. Alisema mjomba ataona hatujagusa nyama, ataangusha mwingine akidhani wa kwanza hakutupendeza. Lazima ajue kabla.

Tukampigia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: basi mmoja wenu amchinje kwa njia yenu. Kaka wa Mombasa baba yake ana bucha, kisu anakijua, akafurahi. Lakini siku mbili baadaye binti alirudi na ujumbe mwingine: bibi, mama yake mjomba, hakulala. Hataki damu imwagike kwenye malisho anayoyaombea mvua kila mwaka. Mjomba hawezi kumvunja mama yake, wala hawezi kumvunja mgeni aliyekwisha mwahidi.

Tulikaa na jambo hilo jioni nzima. Kaka wa Mombasa ndiye aliyelimaliza. Alisema: "Mama wa mtu ni mama. Hatumwagi kitu kwake." Tukaamua hivi: tununue nyama iliyochinjwa na Muislamu pale Hohhot, tuje nayo na sufuria mpya isiyopikiwa kitu, tuipike wenyewe kwenye jiko lao. Dada wa Bujumbura na mwenzetu wa Longido watakula cha wenyeji, kwa hiyo kondoo wa mjomba atapata wa kumla na heshima yake itatimia.

Hohhot ni rahisi kwa hili. Kuna mtaa wa Wahui, Waislamu wa China, na Msikiti Mkuu uliojengwa mwishoni mwa karne ya 17, paa lake kama la hekalu la Kichina. Bucha na migahawa imezunguka hapo. Neno la kutafuta kwenye kibao ni "qingzhen".

Lililobaki ni airagi, maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Yana kileo, kidogo lakini kipo. Tumefundishwa adabu yake: pokea bakuli kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko, litazame, shukuru, lirudishe kwa mikono miwili. Usilisukume, usitikise kichwa. Chai yao, malai, jibini kavu na siagi havina neno.

27 Juni hadi 6 Julai: Tiketi, na pasipoti ya dada

Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla. Nilizinunua asubuhi ya tarehe 27 kwa wanne wote, chini ya yuan 200 kila moja, daraja la pili, kutoka kituo cha Qinghe hapa Beijing. Za kurudi nikazichukua tarehe 30.

Kosa: nilitumia namba za pasipoti tulizoziandika kwenye jedwali mwezi Machi. Dada wa Bujumbura alipata pasipoti mpya mwezi Mei. Tiketi ya China haina karatasi; pasipoti yako ndiyo tiketi, na namba ikipishana geti halifunguki. Niligundua asubuhi ya leo, tarehe 6, nilipokuwa nakagua kila kitu mara ya mwisho, mkono umenitetemeka.

Marekebisho: nimerejesha tiketi zake na kununua mpya. Makato yanategemea siku zilizobaki. Zikiwa nane au zaidi hakuna makato. Chini ya hapo hadi saa 48 kabla ni asilimia 5. Kati ya saa 48 na 24 ni asilimia 10. Baada ya hapo asilimia 20. Tiketi ya kwenda ilikatwa yuan 9 na nusu, ya kurudi haikukatwa. Ila kiti kwenye treni yetu kilikuwa kimekwisha, amepata treni ya saa mbili baadaye. Kuanzia sasa namba inaandikwa kutoka kwenye pasipoti yenyewe, si kutoka kwenye jedwali.

Usajili: mgeni wa nje akilala nyumba ya mtu, si hoteli, anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Kituo kiko kwenye makao ya kata, si karibu na kwa mjomba. Tumepanga gari lipitie kituoni kwanza, na mjomba atukute huko na pikipiki. Kila mtu awe na nakala ya pasipoti na ya kibali cha ukaazi.

Mizigo kwa ufupi: koti zito na soksi za sufu hata kama ni Julai, dawa ya mbu, betri ya akiba, karatasi ya choo. Zawadi: kanga mbili kwa mama (mke wa mjomba) na bibi, kahawa, na chai ya majani kutoka nyumbani.

15 Julai: Tumerudi

Sehemu kubwa ilikwenda kama ilivyopangwa, kwa hiyo nitaandika yale tu yenye faida kwa atakayefuata.

Gari lilituchukua Hohhot saa mbili asubuhi, tukapanda milima ya Daqing na kushukia upande wa pili, na miti ikaisha ghafla. Siziwang ndiko vilikotua vyombo vya angani vya Shenzhou kwa miaka mingi, kuanzia cha kwanza mwaka 1999, na ukifika unaelewa kwa nini walipachagua: hakuna kitu cha kugonga. Polisi walitumia dakika 40. Askari mmoja hakuwahi kuona pasipoti ya Burundi, akaitazama kwa makini, akaandika kila kitu kwa mkono.

Nyasi zilikuwa za kufika kwenye kifundo cha mguu, si kiunoni kama nilivyotarajia, na kati yake vitunguu pori ambavyo kondoo wanavipenda. Ukivikanyaga harufu inapanda. Mwenzetu wa Longido alitembea na mjomba mpaka mwisho wa waya na kurudi, saa nzima, kila mmoja kwa lugha yake, binti akitafsiri pale waliposhindwa kuonyeshana kwa fimbo. Alirudi akaniambia: "Mwaka wa ukame sisi tunahama. Yeye ananunua majani, kwa mkopo." Jioni hiyo alikuwa kimya.

Nitawaonyesha chai, kwa sababu nimeitazama siku tatu mfululizo. Mama alivunja kipande cha chai ya tofali kwa kisu, akakitia kwenye sufuria pana ya chuma iliyokuwa ikichemka juu ya moto wa mavi makavu ya ng'ombe. Maji yakawa mekundu kama udongo wa Usambara. Akachuja, akatia maziwa, akaanza kuichota kwa upawa na kuimwaga tena kutoka juu, mara ishirini, thelathini, bila kuhesabu, mpaka povu likatulia. Kisha chumvi, kwa vidole vitatu. Kwenye bakuli aliweka kwanza nafaka ndogo kama uwele, imekaangwa, na kipande cha malai mazito, ndipo akamimina. Mtu wa Tanga anatarajia tangawizi na sukari, kwa hiyo funda la kwanza ulimi ulikataa. Kufika siku ya tatu nilikuwa nasogeza bakuli mwenyewe.

Mambo ambayo hatukuyapanga vizuri:

Saa za swala. China nzima inatumia saa za Beijing, na sisi tulikuwa mbali kaskazini. Jua lilizama karibu saa mbili usiku, na alfajiri iliingia kabla ya saa kumi. Tulipanga kupika baada ya magharibi, tukawa tunakula saa nne na nusu usiku na wenyeji wakitusubiri kwa adabu bila kulala. Siku ya pili tukapika alasiri. Kibla haikutusumbua: mlango wa ger hutazama kusini, basi ukisimama ndani ukauelekea, magharibi ni mkono wako wa kulia.

Barafu ya kuhifadhi nyama yetu. Ilidumu siku moja na nusu tu. Mama aliona, akaichukua nyama bila kusema neno, akaifunga kitambaa safi na kuitundika kwenye stoo yao ya chini ya ardhi, mbali na nyama yao. Wakati mwingine tutakausha nusu ya nyama kabla.

Ovoo, ule mrundo wa mawe kilimani wenye vitambaa vya buluu. Watu huuzunguka mara tatu kufuata mwendo wa mishale ya saa na kuongeza jiwe. Ni ibada, kwa hiyo mimi na kaka wa Mombasa tulisimama chini ya kilima mpaka wenzetu walipomaliza. Tulimwambia bibi mapema, naye akasema sawa, akatushika mkono tulipokuwa tunashuka naye.

Baridi ya usiku. Koti lilisaidia, lakini dada wa Bujumbura alikuja na blanketi jepesi, akalala usiku wa kwanza na soksi mikononi. Bibi akamletea ngozi ya kondoo.

20 Julai: Hesabu

Kwa mtu mmoja, kwa yuan: treni 380, hoteli usiku mmoja Hohhot 90, gari na dereva, 1,600 tukigawana wanne, 400, kwa mwenyeji siku tatu 450, nyama kilo 5 (380), sufuria (90), sanduku na barafu (150), jumla 620 kwa wanne, yaani 155, zawadi 60, mengineyo 120. Jumla 1,655, sawa na shilingi 604,000 hivi. Dada aongeze 9 na nusu. Mimi na kaka wa Mombasa, tukijumlisha safari ya Mei, tumetumia 2,915 kila mmoja, zaidi ya shilingi milioni moja.

Nyama na sufuria tuligawana wote wanne, ingawa wawili hawakuvihitaji. Nimeliuliza kundi kama ni haki. Mwenzetu wa Longido amejibu kwamba alikula pande zote mbili, basi alipe pande zote mbili.

Binti amempigia mjomba leo. Mvua imenyesha siku mbili, majani yatatosha kukatwa. Sufuria tuliyoiacha mama ameiosha na kuitundika peke yake kwenye fito za ukuta, upande wa mashariki, na amewaambia wa nyumbani isipikiwe kitu mpaka tutakaporudi.